Maziwa, Sindano na Jicho Moja la Papa

Miaka ile ya vita, kwetu Mushaki kila mtu alikuwa daktari wa macho, isipokuwa daktari wa macho mwenyewe, ambaye alikuwa Goma. Jicho likikuwasha, jirani wa kulia anakuletea majani, jirani wa kushoto anakupulizia pumzi yake ya vitunguu, na mtu wa kanisani anakuuliza umeangalia nini kibaya. Jicho la kuume la Papa, baba yangu, lilitibiwa hivyo, kwa ushirikiano mkubwa wa jamii nzima, na likafa. Hakuna aliyelaumiwa, na wote waliendelea na matibabu ya watu wengine.

Basi alibaki na jicho moja, la kushoto, na hilo njo habari yangu. Papa alikuwa mfugaji. Ng'ombe zake alizijua kwa sura kama mwalimu anavyojua watoto wa darasa lake: hii korofi, hii mvivu, hii inajifanya mgonjwa siku ya mvua. Jioni alisimama kwenye mlango wa zizi, zikapita mbele yake moja moja, akapiga mluzi wake na kuzisalimia. Mfugaji kipofu, alikuwa akisema, anawafugia wezi. Na wakati ule wezi walikuwa wengi, tena wengine wana vyeo.

Siku moja akaanza ugomvi na ukuta. Nyumba yetu, kama nyingi za huko, ni ya mbao, zimesimamishwa na kupigiliwa misumari bega kwa bega. Papa akasimama mbele ya ukuta akasema fundi alikuwa mlevi.

"Angalia hii mbao," akaniambia. "Iko inapinda mu katikati sawa nyoka."

Mbao ilikuwa imenyooka. Fundi alikuwa amekufa kitambo, na maskini akashtakiwa kaburini mwake kwa siku nyingi. Kisha pembe za ng'ombe nazo zikapinda. Kisha uso wangu ukapata tundu jeusi katikati, mahali pa pua. Hapo nikajua kosa si la fundi.

Mimi kazi yangu ilikuwa fromaji, jibini la maziwa, zile duara za kwetu, naziuza kando ya barabara ya Sake. Ni kazi inayokufundisha kwamba mkono mchafu haujifichi. Ukigusa maziwa na kidole ulichojikunia, fromaji yenyewe itakusema mbele ya wateja. Kwa hiyo nilikuwa nachemsha vitambaa, nachemsha visu, nafukuza watu jikoni, na kilima kizima kilinijua kwa ukali. Sifa hiyo niliipenda. Nikampandisha Papa kwenye moto, yaani pikipiki, nikakaa nyuma yake nimemshika kiuno, dereva akatuteremsha Sake na kutufikisha Goma.

Daktari wa macho alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti ndogo, asiyependa kurudia neno. Alimtia Papa dawa ya kufungua mboni, akachungulia ndani ya jicho kwa mashine yake, akachungulia tena, kisha akavuta kiti karibu nasi.

"Nyuma ya jicho kuko kitambaa chembamba, njo kinashika picha," akasema. "Kwa Papa, mishipa mibaya imeota pale, inavuja maji na damu. Njo maana anaona mbao inapinda. Tukiacha, picha ya katikati itapotea, na ikipotea hairudi."

"Dawa iko?" nikauliza.

"Iko. Ni sindano."

Papa akafungua kifungo cha shati, akakunja mkono wa nguo mpaka begani, akamtolea daktari msuli. Daktari akamkunjulia tena shati, taratibu.

"Haiko ya mukono, Papa. Ni ndani ya jicho."

Papa alinigeukia, akaniuliza kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa upole kabisa, kama huyu mama kweli alisoma, ao ni mgonjwa aliyevaa koti la mwingine. Daktari akatabasamu. Nilikuja kujua baadaye kwamba lugha yetu anaielewa.

Tena si kwamba Papa aliogopa sindano. Alikuwa amedunga ng'ombe maisha yake yote. Anachukua seringi, anaipangusa kwenye suruali, anapiga shingo ya ng'ombe kofi moja, anadunga, anatema mate pale kwa baraka, kazi imekwisha. Kwa hiyo alipoingizwa kwenye chumba kile aliingia kama mkaguzi. Mimi nilifungwa kitambaa cha mdomo nikaambiwa nisimame mlangoni, nisiguse kitu. Wakamlaza. Wakamtia matone ya ganzi, wakaosha kope na jicho lenyewe kwa dawa ya kahawia, wakamfunika uso kwa nguo yenye tundu, wakaweka kachuma kadogo ka kushika kope zisifunge. Papa alikuwa anauliza kila kitu: hii ni nini, na hii, na ng'ombe mnazifanyia hivi pia?

"Papa, kuanzia hapa hakuna muntu anasema," daktari akamwambia. "Si weye, si miye. Mate ya kinywa iko na mikrobe. Ukisema, inaruka ku sindano, sindano inaipeleka mu jicho."

Kumwambia Papa asiseme. Mtu aliyekuwa anasema hata akipiga mswaki. Lakini alinyamaza, na nikauona muujiza huo kwa macho yangu mwenyewe, mlangoni pale. Sindano ilikuwa nyembamba kama unywele, dawa yenyewe tone tu. Daktari alipima mahali kwenye weupe wa jicho, akadunga, akatoa. Njiani Papa alilalamika kwamba haikuuma vya kutosha kwa safari ndefu hivyo.

Kabla hatujaondoka daktari alitupa sheria zake, akihesabu kwa vidole.

"Usifikiche jicho. Usilipanguse na mukono. Usitie maji ya mutoni, usitie majani, usitie kitu chochote chenye miye sikukupa. Leo utaona doa nyekundu ku weupe, utaona vitone vinaelea. Hiyo si kitu, itaisha. Lakini maumivu ikizidi, wekundu ikizidi, mwangaza ikikuumiza, ao kuona ikipungua, usingoje siku ya randevu. Unakuja siku ile ile."

"Na bariere ya njia ikifungwa?" Papa akauliza.

"Mikrobe haiangalie bariere, Papa. Unakuja. Na asubuhi simama mbele ya ile ukuta yako, uniambie kama mbao inanyooka. Tunaonana kisha mwezi, kwa sindano ingine."

Kisha mwezi. Alisema hivyo kama mtu anayeishi katika nchi yenye miezi. Sisi hatukuwa na miezi, tulikuwa na vipindi: kipindi cha barabara wazi, kipindi cha barabara kufungwa, na kipindi cha barabara wazi lakini.

Zamu ya pili ilitukuta katika kufungwa. Wenye silaha wa juu ya kilima walikuwa hawasikilizani na wenye silaha wa chini ya kilima, na kwa kuwa sisi tulikuwa katikati, pande zote mbili zilituita raia wapendwa na kutuomba mbuzi. Papa kila asubuhi alisimama mbele ya ukuta. Mbao zilikuwa zimeanza kunyooka baada ya sindano ya kwanza, sasa moja ikaanza kupinda tena, na safari hii hakumtukana fundi. Aliitazama tu, akaenda zake zizini.

Tukaitisha kikao. Kikao kwetu ni kitu kizuri, kila mtu anapata nafasi ya kukosea. Alikuwapo Shangazi, dada mkubwa wa Papa, tuliyekuwa tunaishi naye na ambaye njo alikuwa akikamua. Alikuwapo pia jirani yetu, mzee mwenye kudunga ng'ombe za kilima kizima, ambaye hakuitwa lakini alikuja.

"Juu ya nini kumutesa muzee mu njia?" jirani akasema. "Mutume moto Goma, ilete ile kachupa. Tunaitia mu kopo ya maziwa yenye maji ya baridi ya chemchemi, sawa vile tunafanyaka na vaksini ya ng'ombe. Halafu miye namudunga hapa hapa. Jicho ya ng'ombe ni kubwa kuliko ya muzee, na sijakosaka."

"Umeshadunga jicho ya ng'ombe?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Lakini sijakosaka."

Shangazi akaona hoja ina nguvu. Papa naye akatikisa kichwa kwa kukubali, na hapo nikaogopa kweli, maana Papa aliamini kwamba mtu aliyeponya ng'ombe zake hawezi kushindwa na yeye. Nikawaacha wanywe maziwa yao, nikapanda juu kwenye miti ya mikaratusi ambako simu ilikuwa inashika, nikampigia daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hiyo dawa inakaa mu frigo," akasema. "Haigandishwe, haipate joto, haitikiswe ku moto. Kachupa kamoja ni ka jicho moja, mara moja, inayobaki inatupwa. Na ile chumba yangu, mama, mutaileta mu kopo gani?"

Nikashuka na jibu. Jirani akasema madaktari wa mjini wanapenda kujikuza. Shangazi akasema Mungu atafungua njia. Na kweli Mungu alifungua, kwa kuchelewa kidogo, nadhani naye alikuwa amezuiliwa Sake. Tukateremka, Papa akadungwa mara ya pili, akanyamaza kama mwanafunzi mzuri, na tukarudi kabla upande wowote haujabadilisha mawazo.

Sasa nieleze kuhusu maziwa, kwa sababu bila hayo mtu wa nje atadhani Shangazi alikuwa mpumbavu, na hakuwa. Kwetu mtu akitoka safari anapokelewa na maziwa. Ukioa, maziwa. Ukigombana na jirani, mkipatana, maziwa. Mtoto akiingiwa na moshi jichoni, mama anamtilia tone la maziwa, mtoto ananyamaza. Hakuna mtu wa kwetu atakayeweka neno maziwa na neno uchafu katika pumzi moja. Mimi mwenyewe, kwa kuchemsha chemsha kwangu vitambaa vya fromaji, wazee walikuwa wakinisema kwamba namtukania ng'ombe mama yake.

Jicho la Papa lilikuwa na doa jekundu, lile lile ambalo daktari alisema si kitu. Shangazi aliliona, likamkosesha raha. Nilimweleza kwamba haliguswi, haliwekwi kitu, litaisha lenyewe. Akaitikia. Shangazi alikuwa mwitikiaji mzuri sana. Nilipokwenda barabarani kuuza, akakamua ile ya kahawia yenye pembe moja ya kuangalia chini, kipenzi cha Papa, iliyokuwa imezaa karibuni. Akamlaza kaka yake, kichwa magotini pake kama walipokuwa watoto, akamtilia maziwa ya vuguvugu jichoni. Daktari alikataza maji, alikataza majani, alikataza kitu chochote. Lakini kwa Shangazi maziwa si kitu chochote. Tena alichagua ng'ombe aliye bora, kwa mapenzi, na Papa akasema aksanti.

Papa hakunieleza. Wala hakunieleza kwamba jicho limeanza kuuma. Mzee wa kwetu analalamikia serikali, analalamikia mvua, analalamikia chumvi, lakini maumivu halalamikii. Kesho yake nilirudi kutoka barabarani nikakuta amefunga dirisha mchana kweupe, amejifunika kofia usoni. Nikafungua dirisha. Akajigeuza ukutani kama nimemmwagia maji ya moto.

"Papa, mbao iko namna gani?" nikamuuliza.

"Mbao gani?" akasema.

Uso wake ulikuwa karibu kugusa ukuta.

Nilimvua kofia: jicho lote lilikuwa jekundu, limevimba, na mboni ina ukungu kama kioo cha jikoni. Nilikuwa nimeona jicho la kwanza likienda taratibu, tukilisindikiza na majani. Hili lilikuwa linaondoka kwa haraka, mbele yangu. Nikamuuliza Shangazi nini kiliingia. Akasema bila kuficha, tena kwa fahari, kwamba ni maziwa, ya ile ya kahawia. Nilimwambia Shangazi maneno ambayo mtu hamwambii shangazi.

"Tungoje randevu," akanijibu, kwa utulivu wa mtu mzima. "Mwenye macho haambiwi tazama. Yeye mwenyewe hajaomba kupelekwa."

Sikungoja. Daktari alipopokea simu alisema neno moja, leo, na akakata ili nisipoteze muda kumwelezea habari za barabara.

Barabara ilikuwa katika kipindi cha wazi lakini. Kwenye bariere ya kwanza kijana mwenye bunduki alitaka kujua ugonjwa. Nikasema jicho. Akauliza kama ni jicho tu. Nikasema ndiyo, bahati mbaya miguu bado ipo, njo maana amefika mbele yako. Akasema tungoje chef, mkubwa wake, na chef alikuwa anakula.

"Mutu iko anapoteza jicho," nikamwambia.

"Haraka haraka haina baraka, mama," akanijibu.

Tukakaa kwenye jiwe. Papa amejifunika kitambaa safi nilichokichemsha, mkono wake begani kwangu. Ndani ya nyumba tulisikia sahani. Chef alikuwa mtu wa kutafuna vizuri. Mwishowe nikatoa fromaji niliyokuwa nimeichukua kwa ajili ya ndugu zetu wa Goma, nikampelekea kama matunda ya baada ya chakula, na baraka ikapatikana. Bariere ya pili haikuuliza ugonjwa. Iliuliza kwa nini bariere ya kwanza imetuachilia, na swali hilo linahitaji mtu mwenye diplome.

"Mutoto," Papa akaniambia pale, polepole. "Tukirudi nyuma si kitu. Nimeshaona mingi."

Nikamwambia anyamaze, afanye kama yuko tayari kwenye chumba cha daktari. Nilikuwa na hasira naye, na Shangazi, na chef, na wale wote waliogawana kilima kama mkate. Na chini ya hasira nilikuwa nataka kulia.

Daktari alikuwa ametungoja mlangoni, na wagonjwa wengine amewarudisha nyumbani.

"Nini iliingia mu jicho?" akamuuliza Papa.

"Hakuna kitu," Papa akasema.

"Maziwa," nikasema mimi.

Daktari akafumba macho kidogo. "Ya kuchemsha?" akauliza, nadhani kwa kukata tamaa tu.

"Ya kukamua," Papa akasema, kwa heshima ya ng'ombe wake.

Hakutugombeza. Alimwingiza kwenye chumba kile kile, na ukimya ule ule, akavuta maji kidogo kutoka ndani ya jicho ya kwenda kupimwa, akadunga dawa nyingine ya kuua mikrobe. Baadaye, akinawa mikono, aliniambia kwamba tungelala nyumbani hata usiku huo mmoja, asingekuwa na la kutufanyia. Aliniambia pia kwamba hajui bado kama tumewahi.

Tulikaa Goma kwa ndugu. Kila asubuhi tulikwenda kwake na kila asubuhi Papa alikaa kwenye kile kiti bila kuuliza swali, na hilo lilinitisha kuliko ugonjwa. Ukungu ukaanza kushuka taratibu. Akaona dirisha. Akaona mkono wa daktari. Siku moja akanikazia jicho kwa muda mrefu, akakunja uso.

"Pua yako imerudi," akasema. "Kabla irudi, ulikuwa muzuri zaidi."

Nilicheka mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Jicho lilikuwa limepona, si lote, lakini lilitosha kwa pua yangu.

Juma hilo hilo Shangazi akatokea Goma, kwa miguu, na watu wengine wa kilima chetu waliokuwa wamekimbia. Hakubeba godoro wala sufuria. Alibeba kibuyu cha maziwa, kitupu. Zizi lilikuwa limevunjwa na ng'ombe zote zimechukuliwa. Wa juu walisema ni wa chini, wa chini walisema ni wa juu, na mimi niliwasadiki wote.

"Hata ile ya kahawia?" Papa akauliza.

"Hata ile," Shangazi akasema.

Kisha akakaa mbali na kaka yake, upande wa pili wa nyumba, na tangu siku ile akawa polisi wa jicho. Hata nzi akikaribia anafukuzwa kabla hajatua. Jirani aliyekuwa hajakosaka alikuja naye kusalimia, akamwambia Papa kuna majani fulani. Shangazi akamtoa nje kwa fimbo.

Kilima kilipotulia tukarudi. Jioni ya kwanza Papa alisimama mlangoni pa zizi, saa ile ile. Ukuta wa nyumba ulikuwa nyuma yake, mbao zote zimenyooka, fundi amesafishwa jina. Mbele yake zizi lilikuwa tupu, na alikuwa anaona vizuri kila kigingi. Dawa ilifanya kazi yake kabisa.

"Sasa hili jicho nalifanyia nini?" akaniuliza.

"La kuniangalia miye," nikamwambia.

Akasema kwa hilo hata tundu jeusi lingefaa. Lakini zamu ya sindano ilipofika, alioga na kuvaa kofia yake, akachukua fimbo yake ya kuchungia, akakaa kwenye moto bila kusukumwa.

Kwenye bariere ya kushukia Sake tulikuta kundi la ng'ombe limejaza barabara. Lilikuwa linapandishwa kutoka malisho ya chini, liende Masisi, lipite Nyabiondo, lishuke Walikale, ambako wachimba madini hawaulizi nyama ilizaliwa kwa nani. Wenye bunduki walikuwa wanaliongoza kwa kelele nyingi na ufundi kidogo. Dereva akazima moto, tukashuka tungoje lipite. Na katikati ya kundi nikaona ile ya kahawia, pembe moja inaangalia chini.

Nikamgeukia Papa. Alikuwa ameiona kabla yangu.

Kila mtu wa huko alijua sheria ya wakati ule, na hiyo hakuna daktari aliyetuhesabia kwa vidole. Mwenye ng'ombe akitambua ng'ombe wake mikononi mwa mwenye bunduki, hafiki nyumbani. Amekuwa shahidi. Mmoja wao akaitazama fimbo ya Papa, akaja mbele yetu.

"Muzee, weye ni mufugaji," akasema. "Hizi ngombe unazijua? Ni za nani?"

"Papa ni kipofu, chef," nikasema mimi, na mkono nikauweka kwenye mkono wa Papa kama wa kumwongoza. "Niko namupeleka kwa dokta wa macho."

Jicho moja lilikuwa limekufa, hilo lilionekana wazi, na lilitusaidia. Akapitisha kiganja chake mbele ya lile la pili, huku na huku, karibu kabisa. Halikupepesa. Lilikuwa limeshazoea vitu vya kulijia karibu.

Basi ile ng'ombe, ambayo hakuna aliyeifundisha siasa, ikatoka katika kundi. Ikaja mpaka kwa Papa, ikamnusa kifua, ikaanza kulamba mkono wa koti lake kama ilivyokuwa ikifanya kila jioni. Wenye bunduki wakacheka. Mmoja akasema inapenda vipofu. Neno moja tu la Papa, ule mluzi wake wa zizini, na ng'ombe ingeitika kwa sauti, na sisi tusingekuwa na la kujibu. Papa, mtu wa kusema hata akipiga mswaki, hakufungua kinywa. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, na vidole vilinishika mpaka nikasikia mfupa. Macho yake yalikuwa mbele, juu ya milima, hayaangalii kitu. Wakaivuta ng'ombe kwa kamba. Ikageuza kichwa mara moja, kisha ikaenda na zingine.

"Upone, muzee," yule mwenye bunduki akatuambia. Walikuwa watu wa adabu.

Goma daktari alimpima, akatazama mashine yake, akafurahi. Kitambaa cha nyuma kilikuwa kimekauka, kuona kumepanda kupita mwezi uliopita.

"Muzuri sana, Papa," akasema. "Leo mu njia umeona nini?"

"Hakuna kitu, dokta," Papa akasema.

Akamdunga. Chumba kilikuwa kimya kama kawaida.

Tulipotoka tukakaa kwenye benchi la nje, kungoja dereva. Hapo machozi yakaanza kumtoka Papa, ya rangi ya ile dawa ya kahawia ya kuoshea, yakashuka shavuni na kwenye kola ya shati. Nilitoa leso. Akausukuma mkono wangu, kwa upole.

"Dokta alikataza kupangusa," akasema.

Akaweka mikono yake yote miwili juu ya magoti, na tukakaa hivyo mpaka yalipokwisha.